Upande wa Nyuma wa Guo

Asubuhi hiyo Pelagia Banzi hakuhitaji kuinama na kupekua majani kama siku nyingine. Ndevu za miti, zile nyuzi za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi ya juu na kuanguka chache chache baada ya upepo mkali, zilikuwa zimetapakaa chini kila mahali, mafungu kwa mafungu, kama nywele kwenye sakafu ya kinyozi. Alisimama na kikapu chake mkononi akazitazama. Kwa jinsi zilivyokuwa adimu, ilimpasa afurahi. Badala yake alijiuliza miti imepatwa na nini hata imwage ndevu zote kwa pamoja.

Hakuziokota. Aliendelea kupanda, akajaza kikapu kwa vitu vya kila siku: magamba ya miti yaliyobanduka yenyewe, ukindu uliokauka ukadondoka, mizizi myembamba iliyofukuliwa na maji ya mvua. Mfumaji wa Guo hakuwa na ruhusa ya kukata hata jani moja. Alichukua kile tu ambacho msitu wenyewe ulikuwa umekiachia. Pelagia aliishika sheria hiyo tangu ujana, na mwili wake ulikuwa umeizoea kiasi kwamba hata nyumbani, akitaka mboga, mkono ulisita kwanza kabla ya kuchuma.

Guo lenyewe lilitundikwa ukingoni mwa msitu, juu ya kijiji cha Kinolemba, chini ya paa lisilo na kuta. Lilikuwa refu kuliko watu wawili waliobebana, na pindo lake la chini lilifukiwa udongoni. Pelagia ndiye aliyelifuma. Alitumia gome lililotwangwa, ukindu na nyuzi za migomba iliyokwisha kuzaa na kuanguka, na kila mwaka alitoa sehemu iliyochakaa akafuma nyingine mahali pake. Wageni waliofika mara ya kwanza walisimama mbele yake wakakaa kimya. Ungeweza kuuona mlima humo ndani: mabonde, vijito, sehemu ya juu yenye ukungu, yote kwa mfumo wa nyuzi peke yake, bila picha kuchorwa.

Ila halikuwekwa pale kwa uzuri wake. Ndani ya mfumo ule ziliishi nyuzi hai, kuvu nyembamba kuliko unywele, iliyooteshwa maabara na mtaalamu mmoja aitwaye Hidaya Sefu. Kuvu hiyo ilitambaa kutoka kwenye Guo, ikapita kwenye pindo lililofukiwa, ikaingia udongoni na kujishika na mizizi ya miti, mti hadi mti, mpaka mlima wote. Lililoipata mizizi likapanda mpaka kwenye Guo na kubadili rangi yake. Msitu ukiwa mzima, Guo lilikuwa kijani. Ukiwa na kiu, lilipauka likawa njano. Na ukiingiwa na ule ugonjwa wa mizizi uliokwisha kula milima mingine, Guo lilipata madoa mekundu yenye weusi kwa ndani, ndiyo maana watu waliuita ugonjwa wenyewe kutu. Kuvu haikukubali kuishi kwenye kitambaa cha kiwandani. Ilitaka mwili uliotokana na msitu uleule, na uliofumwa kwa mkono, kwa sababu mashine zilikaza nyuzi mno ikakosa pa kupumulia.

Zamani vipimo vilikuwa vya chuma. Vilitoa namba, na namba zilibadilishwa njiani na kila aliyekuwa na haja yake, hata mji kule chini ukawa unaamini una mlima mzima wakati mlima ulikwisha kufa. Ndipo ilipokuja Miaka ya Kiu. Waliobaki baada ya hapo walitaka kitu ambacho mtu yeyote angeweza kukitazama kwa macho yake. Kila alfajiri, kifaa kilichofungwa juu ya mlingoti, walichokiita Jicho, kiliutazama uso wa Guo, na mji mzima ukaona rangi yake.

Jicho lilitazama mbele. Nyuma hakufika mtu ila mfumaji.

Pelagia aliweka kikapu chini akazunguka nyuma kama alivyofanya kila siku, ili kukagua mafundo. Aliliona doa upande wa kushoto, chini, mahali alipofuma bonde la Mzinga. Lilikuwa na ukubwa wa kiganja. Aliligusa. Lilikuwa na unyevunyevu na joto kidogo, kama paji la uso la mtoto mwenye homa.

*

Mdogo wake, Kletus, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Alimkuta akirekebisha mlango wa zizi, misumari mdomoni.

"Njoo tupande kwenye Guo," Pelagia alimwambia.

Kletus alimtazama usoni, akaitema misumari kiganjani, akafuata bila kuuliza. Walipofika alimwonyesha. Kletus alichuchumaa akaangalia kwa muda mrefu.

"Jicho limeona?"

"Bado. Mbele ni kijani. Hupita siku kadhaa kabla halijatokeza mbele."

"Kwa hiyo anayejua ni wewe tu."

"Na wewe sasa."

Kletus alikaa chini kabisa, mgongo kwenye nguzo. Wote wawili walijua kitakachofuata. Sheria ilikuwa moja kwa milima yote: kutu husafiri kwa nyayo za watu, kwato za mifugo na ncha za majembe, kwa hiyo mlima ukipata kutu, unafungwa. Watu wote wanateremshwa Nyika ya Mkonge, kwenye mabanda marefu ya bati yaliyojengwa mahali palipokuwa mashamba ya zamani ya mkonge. Mifugo inachinjwa. Vitambaa, mikeka, vikapu, chochote chenye asili ya mmea, vinachomwa kwenye geti lililo chini ya mlima. Watu wa mlima wa Kibuvu walikuwa wamekwisha kufanyiwa hivyo.

"Nilikwenda kule Nyikani na wenyeviti wenzangu," Kletus alisema. "Sikukusimulia yote. Watu wa Kibuvu waliahidiwa watarudi baada ya miaka michache. Wapo mpaka leo. Wazee wao hawapo. Joto liliwamaliza, wengine hata hawakufika, walifia kwenye malori. Na mlima wao umepona? Nani amewahi kutuambia umepona?"

"Lakini Kletus, kama ni kutu, miti itakufa. Na chemchemi zitafuata. Kule mjini wanakunywa maji haya."

"Kama ni kutu. Guo halijawahi kukosea?"

Pelagia alikumbuka. Liliwahi kukosea mara moja, mwaka ule wa moto mkubwa, moshi ulipoingia kwenye nyuzi likapata madoa ya uongo kisha likasafika lenyewe. Kletus alilikumbuka hilo pia.

"Mama hafiki Nyikani, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Unajua hafiki."

Mama yao, Benadeta, alikuwa hatoki tena kitandani. Majina yalikuwa yamemponyoka. Alimwita Pelagia Emerita, jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Kilichomtuliza ni dirisha. Kitanda kilisogezwa hapo, akautazama msitu kutwa nzima, na jioni wakifunga dirisha alilia kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

"Unataka nifanye nini?" Pelagia aliuliza, ingawa alijua.

"Wewe ndiye unayejua rangi. Mikeka yote ya kijiji hiki umeitia rangi wewe. Nipe muda tu. Hata mvua hizi ziishe. Huenda ni kama ule mwaka wa moshi."

"Na kama siyo?"

"Kama siyo, tutasema wakati huo."

Pelagia alitamani amkasirikie, akashindwa, kwa kuwa alichokisema mdogo wake ndicho alichokuwa akijiambia yeye mwenyewe tangu alipoligusa lile doa.

*

Alichemsha manjano kutoka bustani ya nyuma ya nyumba. Alivundika majani ya mnili kwenye chungu chenye maji ya majivu mpaka povu likawa na rangi ya shaba, akajua nili imeiva. Manjano kwanza, nili juu yake: hapo kijani hupatikana. Tatizo lilikuwa kupata kijani kinachofanana na cha kitu kilicho hai. Alijaribu kwenye vipande vya gome, akatupa, akajaribu tena, mpaka akakipata kile chenye ukijivu kidogo kwa ndani.

Alipaka kwa unyoya wa kuku, kutoka nyuma, akisukuma rangi ipenye hadi mbele. Alikuwa hajafikiria vizuri maji ya majivu yangefanya nini. Nyuzi hai zilipoguswa zilijikunja. Aliziona. Zilisinyaa taratibu, zikajivuta kutoka kwenye ukindu, kisha zikatulia. Sehemu aliyoipaka haikuwa tena na doa, wala haikuwa na kitu kingine chochote. Ilikuwa kitambaa tu.

Alfajiri Jicho lilitazama, na mji ukaona kijani.

Kutu haikukoma. Ilipofikia mwisho wa sehemu aliyoiua, ilipanda pembeni yake, na Pelagia akairudia kwa chungu na unyoya. Kila aliporudi alijiambia kwamba ni mara ya mwisho. Aliacha kwenda bonde la Mzinga, maana huko miti ilikuwa imeanza kuangusha majani mabichi, na hakutaka kuyakuta. Aliendelea kuokota magamba kwenye miteremko ya juu na kurekebisha mfumo kama kawaida, lakini mikono yake haikuwa na raha. Tangu alipofuma Guo la kwanza aliamini kwamba kila fundo ni neno ambalo msitu umelisema na yeye amelishika. Sasa alikuwa anamzibia mdomo aliyempa maneno.

Kletus alipopita aliuliza kwa macho tu, na Pelagia alitikisa kichwa: bado halijasafika. Baada ya muda Kletus akaacha kuuliza. Kijijini watu walipanda maharage, harusi moja ikafungwa, shule ikaezekwa upya. Hakuna aliyejua. Mama yao aliendelea kutazama dirishani, na siku moja alisema, "Emerita, ule mti umelala," huku akionyesha mbali, kuelekea Mzinga. Pelagia alifunga dirisha mapema siku ile, akaketi naye mpaka aliponyamaza.

Mvua zilipokaribia kwisha, zaidi ya nusu ya Guo lilikuwa rangi tupu.

*

Hidaya Sefu alifika bila taarifa, akiwa na vijana wa Baraza la Maji waliobeba masanduku meupe ya plastiki. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kicheko chepesi. Yeye na Pelagia walikaa pamoja ukingoni mwa msitu ule msimu mzima wakati Guo la kwanza lilipokuwa likikataa kuota nyuzi hai, wakila chungu kimoja na kugombana juu ya ukubwa wa matundu ya mfumo. Walipokutana walishikana mikono kwa muda mrefu.

"Dada Pelagia, umezeeka na hujaniambia," Hidaya alisema.

"Na wewe umekonda na hujaniambia."

Kletus alileta viti na uji. Hidaya hakukaa. Alikuwa na habari iliyomjaa kifuani.

"Kibuvu inapona," alisema.

 Kletus alishika kikombe bila kukipeleka mdomoni.

"Tumekaa nayo kimya mpaka tuhakikishe. Chini ya ile miti iliyokufa kuna miche inaota yenyewe, na haina kutu. Udongo ule umechoka tu, hauna tena kuvu njema za mizizi. Tukiupa udongo hai kutoka mlima mzima, ukachanganyika, watu wa Kibuvu wanarudi kwao mwezi ujao. Nimekwisha kuwaambia. Wameanza kufunga mizigo." Aligeuka akalitazama Guo kutoka mbele, akatabasamu. "Nimetazama milima yote. Mlima pekee ambao haujapata hata doa ni wenu. Sijapata kuona Guo lililotulia namna hii."

Vijana walikuwa wamekwisha kuanza. Walichimba ubavuni mwa banda, hatua chache tu kutoka pindo lililofukiwa, wakipakua udongo mweusi kwa sepeto na kuumwaga kwenye masanduku.

"Hapo siyo pazuri," Pelagia alisema. "Udongo wa hapo ni mwepesi."

"Mwepesi ndio tunaoutaka."

"Basi ngojeni ukauke. Mvua imenyesha jana."

Hidaya alimtazama, akacheka kidogo. "Ukikauka kuvu zinakufa, dada. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo."

Kletus aliweka kikombe chini. "Mtaalamu, kula kwanza," alisema. "Kazi ipo tu." Alipomgeukia dada yake, macho yake yalisema wazi: nyamaza. Pelagia aliyasoma, na nyuma ya macho hayo aliona zizi, maharage yaliyokwisha kutoa maua, paa jipya la shule, na dirisha. Aliona pia mabanda ya bati ambayo hakuwahi kufika, na ndani yake watu asiowajua wanaokunja nguo zao.

Kijana mmoja alifunga sanduku la kwanza, akalibana kwa mkanda, akaliinua begani.

"Hidaya," Pelagia alisema. "Njoo huku nyuma."

"Dada," Kletus alisema.

"Njoo uone."

Hidaya alizunguka. Alisimama mbele ya upande wa nyuma, pale ambapo mafundo yalikuwa magumu na yenye ukungu mweupe wa majivu, na pembeni mwa kijani kile kilichokufa, pande zote, kutu mbichi ikipanda. Alinyoosha mkono akaminya kitambaa kwa vidole. Kilitoa sauti kavu. Alikinusa.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza."

Hidaya aliwapigia vijana kelele washushe kila kitu, wasihame walipo, wasikanyage mahali pengine.  Alikaa kwenye ukingo wa sanduku. Hakupaza sauti tena. Kletus alikuwa amebaki upande wa mbele, na waliyoyasema hayakumfikia.

"Lilikuwa na ukubwa gani, ulipoliona?"

Pelagia alionyesha kiganja chake.

Hidaya alikitazama kiganja kile. "Tuna njia mpya," alisema polepole. "Tumeijaribu mlima mmoja tu. Ukiiwahi kutu ikiwa bonde moja, unachimba mtaro kulizunguka, unaua mizizi iliyo ndani. Bonde linakufa. Lakini mlima unabaki, na kijiji kinabaki." Alifunika uso kwa mikono. "Nisingeweza kukuahidi. Huenda isingefaa hapa. Lakini ungeniita, ningekuja siku ileile."

Ndege mmoja alilia ndani ya msitu, akanyamaza. Pelagia alisimama mikono ikining'inia. Hakulia. Kitu kilichompata kilikuwa kizito kuliko machozi, na alifahamu papo hapo kwamba ataishi nacho.

"Na sasa?" aliuliza.

"Sasa ni mlima wote."

*

Malori hayakuweza kufika Kinolemba, kwa hiyo watu waliteremka kwa miguu mpaka getini. Kletus alimbeba mama yao mgongoni, amefungwa kwa khanga kama mtoto. Benadeta hakulalamika. Aliuliza mara kwa mara kama wanakwenda kanisani, na Kletus alijibu kila mara, "Ndiyo, mama."

Pelagia alitembea nyuma ya wote. Walikuwa wamekwisha kujua kwamba ndiye aliyeua Guo, na kwamba ndiye aliyeuambia mji. Waliokasirika kwa la kwanza na waliokasirika kwa la pili walikuwa kundi moja, na hakuna aliyetembea karibu naye. Kletus alikuwa hajamsemesha tangu siku ya masanduku. Siku ile, Hidaya alipokwisha kuondoka, alimwambia maneno machache tu: "Ulikuwa na mdomo mmoja wa kufumba." Pelagia angeweza kumjibu. Angeweza kumweleza kuhusu mtaro na lile bonde moja, na kwamba siku waliyokaa chini ya nguzo wakishauriana, kijiji chao kilikuwa bado kinaweza kupona. Alimtazama mdogo wake, ndevu zimemchipua, macho yamevimba, akaamua kwamba habari hiyo itabaki kwake. Mtu mmoja alitosha kuibeba.

Getini waliosha miguu kwa maji ya chokaa. Wanaume waliovaa mavazi meupe walipokea vitu na kuvitupa motoni. Pelagia aliitazama mikeka yake ikiingia, mmoja baada ya mwingine: wa harusi ya jirani, wa sala wa yule bibi wa Kiislamu wa kitongoji cha juu, ule mdogo wenye mistari aliomfumia mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Vikapu. Kofia za ukindu. Vilishika moto haraka, na moshi wake ulinukia vizuri, ukawafanya baadhi ya watu wageuze nyuso. Walipewa mablanketi ya kijivu ya plastiki. Khanga iliyomshika Benadeta nayo ilifunguliwa ikachomwa, akahamishiwa kwenye machela.

Nyika ilikuwa tambarare, nyeupe kwa jua. Bati zilipiga kelele mchana kwa joto. Watu wa Kibuvu waliwaonyesha visima na wakawaachia mabanda yaliyo karibu na njia, kisha wakarudi kwenye mabanda yao. Mizigo yao iliyofungwa ilikuwa bado imepangwa milangoni.

Benadeta alidumu wiki mbili na kidogo. Alitafuta dirisha, na banda halikuwa na dirisha. Pelagia alimkalia upande mmoja, Kletus upande wa pili, wakipokezana kumpepea bila kusemezana. Kuelekea mwisho alimwita kila mtu Emerita. Alifariki asubuhi, kabla bati hazijaanza kupata moto.

Kletus alitoka kutafuta watu wa kuchimba kaburi. Alipita banda hadi banda. Watu wa Kinolemba walimpa pole, wakainamisha vichwa, wakasema wataangalia. Aliporudi alikuwa peke yake, na jembe la kuazima. Alikwenda nyuma ya safu ya mwisho ya mabanda akaanza kuchimba ardhi ngumu, na Pelagia alilisikia jembe likigonga kutoka mahali alipokuwa akimwosha mama yao.

Baadaye alisikia majembe mengi. Alichungulia. Wanaume watatu au wanne asiowafahamu walikuwa wameingia shimoni pamoja na Kletus, na wanawake wao walikuwa wakija na ndoo za maji kulainisha udongo. Mmoja wa wanawake alifika mlangoni, mtu mzima, mwembamba, kichwa kimefungwa kitambaa cha buluu.

"Naitwa Modesta. Sisi ni wa Kibuvu," alisema. "Wewe ndiye mfumaji."

"Ndimi."

Modesta alimtazama Benadeta aliyelazwa, kisha akamtazama Pelagia. "Tulikuwa turudi mwezi huu. Baba yangu aliikalia mizigo yake siku mbili, hakutaka kula, mpaka Mtaalamu alipokuja kutueleza." Alirekebisha kitambaa kichwani. "Sasa tunangoja udongo wa mlima mwingine. Wanasema huenda mwakani. Huenda."

Pelagia hakujua kama analaumiwa au anashukuriwa, na huenda Modesta naye hakujua. Mwanamke yule aliinama, akashika ndoo, akamsaidia kumaliza kumwosha marehemu. Walimvika gauni lake moja lililosalimika, la nailoni, wakamfunga kwenye blanketi la kijivu kwa kuwa hapakuwa na kingine.

Walimpeleka kaburini jua likiwa kali. Walikuwa wachache. Baadhi ya watu wa Kinolemba walitoka wakasimama mbali, kwenye vivuli vya mabanda, wasisogee wala wasiondoke. Katekista wa Kibuvu alisoma sala. Pelagia alisimama nyuma, mahali alipozoea kusimama siku hizi, mikono ameikunja.

Ulipofika wakati wa kumteremsha, wanaume walishika upande wa miguu na kiuno. Kletus aliingia shimoni kumpokea. Aliinua uso, jasho na vumbi vimemkauka mashavuni, akaangaza waliosimama mpaka akampata.

"Njoo ushike upande wa kichwa," alisema.

Pelagia alisogea, akapiga magoti kwenye udongo uliochimbuliwa, akapitisha mikono yote miwili chini ya kichwa cha mama yao, na wakamteremsha.